Patisheni zilizofufuka: uchambuzi wa kisa cha safu ya SSD iliyotoweka baada ya seva kuwashwa upya

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kituo kidogo cha kuhifadhi kumbukumbu mjini Lamu, kinachokusanya rekodi za sauti za tenzi, kasida na masimulizi ya wazee, pamoja na picha za hati za kale zilizopigwa ukurasa kwa ukurasa. Jina la kituo, majina ya wahusika na alama zote zinazoweza kuwatambulisha vimeondolewa. Wahusika wakuu ni wawili: fundi kijana aliyeiunganisha seva na kuitunza, na mhifadhi mkuu, mzee ambaye kila mtu kituoni humwita Maalim. Mimi niliingia kama fundi wa nje, kwanza kwa simu nikiwa Malindi, kisha kwa kufika mwenyewe.

Seva ilikuwa kompyuta ya mezani ya kawaida, iliyowekwa katika chumba cha ndani cha nyumba ya mawe ambako joto halipandi sana lakini hewa ya chumvi inafika kama inavyofika kila mahali kisiwani. Mfumo wa Linux ulikuwa na diski yake peke yake. Data ilikaa kwenye safu ya RAID 5 ya SSD tatu, yaani diski zisizo na sahani zinazozunguka, za GB 500 kila moja, iliyoundwa kwa programu ya mdadm bila kadi maalumu. Safu ya namna hii huikata data vipande vipande na kuvisambaza katika diski zote, na katika kila mstari wa vipande huandika kipande kimoja cha pariti, yaani hesabu inayowezesha kurudisha kipande kilichopotea. Diski tatu kwa hiyo hutoa nafasi ya diski mbili, takriban TB 1, na safu huvumilia kufa kwa diski moja. Zikikosekana mbili, hakuna cha kusomeka.

Diski zenyewe hazikuwa na historia moja. Mbili zilitolewa katika kompyuta za mkononi za kituo ambazo skrini zake zilikuwa zimevunjika. Ya tatu ilinunuliwa mpya ikiwa bado kwenye boksi. Fundi aliziingiza zote tatu katika safu zikiwa nzima, bila kuzigawa patisheni, yaani sehemu zinazojitegemea ndani ya diski. Wakati wa kuunda, mdadm ilimwonya kwamba diski mbili zina jedwali la patisheni ambalo litapotea au litakosa maana safu ikishaundwa, na ikamwuliza kama aendelee. Alijibu `y`, kama ambavyo wengi wetu tumejibu mara nyingi, kwa sababu onyo lilionekana kuhusu data ya zamani ambayo hakuna aliyeihitaji.

Kwa muda wa miezi saba seva haikuzimwa hata mara moja, kwa kuwa kituo kina UPS (kifaa kinachoshikilia umeme unapokatika) na betri za inveta. Uthabiti huo ulisifiwa sana, na ndio uliolificha kosa. Nakala ya akiba ilikuwapo kwenye diski ya nje, lakini ilikuwa na umri wa wiki kumi na moja.

Mfuatano wa matukio

Siku ya Jumanne, wiki chache kabla ya Mfungo Sita, wakati kituo kilipokuwa kimekwisha kuahidi kutoa rekodi za kasida kwa ajili ya Maulidi, fundi alisakinisha masasisho yaliyojumuisha kerneli mpya (kiini cha mfumo wa Linux), kisha akaiwasha seva upya. Skrini ilisimama kwenye mstari uliohesabu hadi dakika moja na nusu ikiisubiri safu, halafu mfumo ukaangukia katika hali ya dharura. Fundi aliuzima mstari wa safu ndani ya faili la `/etc/fstab`, linaloorodhesha diski za kufunguliwa mfumo unapowaka, ili mfumo uwake bila data, akaingia, na akasoma `/proc/mdstat`, inayoonyesha hali ya safu. Alichokikuta ni mstari mmoja:

`md127 : inactive sdc[1](S)`

Kwa maneno mengine, mfumo ulikuwa umeitambua diski moja tu kati ya tatu kuwa ni ya safu, ukaiweka kando kwa kuwa peke yake haifai kitu, na ukaipa safu jina la muda la md127. Diski nyingine mbili zilionekana kwenye kompyuta, zikiwa na ukubwa wao kamili, lakini mdadm ilisema haioni dalili yoyote kwamba zimewahi kuwa katika safu.

Lawama ya kwanza iliangukia kerneli, na si vigumu kuona kwa nini: asubuhi safu ilikuwapo, kerneli ikabadilishwa, safu ikatoweka. Fundi aliwasha upya kwa kerneli ya zamani na hali ikawa ile ile. Akarudi kwa kerneli mpya kwa mara nyingine, bila badiliko. Hapo ndipo aliponipigia simu.

Lawama ya pili ilikuwa yangu, na inanipasa niieleze kwa kirefu kwa sababu ilitugharimu zaidi kuliko ile ya kwanza. Nilimwomba anisomee ripoti za SMART za diski zote, yaani ripoti za afya ambazo diski hujiwekea zenyewe. Zilikuwa nzuri, isipokuwa diski moja ilionyesha makosa 37 kwenye hesabu namba 199, ambayo huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mkuu. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika mwambao huu akisikia makosa ya mawasiliano husikia chumvi. Nilimwambia afungue kasha na aangalie plagi. Akaniambia moja ina ukungu wa kijani. Nikaona jibu limepatikana. Nikamwambia abadilishe kebo, naye akabadilisha za diski mbili. Diski hazikurudi kwenye safu. Zaidi ya hayo, katika kuchomoa na kuchomeka, diski hizo mbili zilibadilishana matundu kwenye ubao mkuu, kwa hiyo, kwa majina ambayo Linux huzipa diski, iliyokuwa sdb ikawa sdd na iliyokuwa sdd ikawa sdb. Hakuna aliyeandika namba za utambulisho (serial) za diski kabla ya kuzichomoa. Nusu siku ilikwenda hivyo, na ushahidi mmoja muhimu ukaenda nayo.

Jioni, nikiwa nimemwahidi kumpigia baada ya Isha, fundi alipata maelezo yanayoshauri kuiunda safu upya kwa amri ya `mdadm --create` juu ya diski zile zile, kwa madai kwamba data hubaki salama. Aliandika amri hiyo na kidole kilikuwa juu ya Enter. Maalim, ambaye alikuwa ameketi kando akifuatilia bila kuelewa maneno mengi yaliyokuwa kwenye skrini, alimwuliza: "Mwanangu, amri hiyo inaitafuta safu, au inaunda nyingine?" Fundi akajibu kwamba inaunda. "Basi mpigie mwenzio kwanza."

Amri aliyoiandika haikuwa na kipengele cha `--assume-clean`. Bila kipengele hicho, mdadm ikiunda RAID 5 huichukulia diski ya mwisho katika orodha kuwa ni tupu, na huanza mara moja kuijaza upya kwa hesabu inayoitoa katika diski mbili za mwanzo. Kwa kuwa diski zilikwisha kubadilishana majina, diski ambayo ingeandikwa juu ilikuwa ile iliyokuwa ya kwanza, na kasoro yoyote katika zile mbili nyingine ingehamia humo. Zaidi ya hayo, amri ingeandika taarifa mpya za safu juu ya zile za zamani zilizosalimika kwenye sdc, ambazo baadaye zilitufaa sana.

Usiku ule nilimwomba kitu ambacho ningepaswa kukiomba asubuhi: orodha ya `lsblk`, inayoonyesha kila diski na patisheni zake. Alinitumia picha ya skrini. Chini ya sdc hapakuwa na kitu. Chini ya sdb palikuwa na sdb1, sdb2 na sdb3. Chini ya sdd palikuwa na sdd1 na sdd2. Diski zilizoingizwa katika safu zikiwa nzima hazikutakiwa kuwa na patisheni hata moja. Nilimwuliza zimetoka wapi. Yeye hakujua, lakini nilimsikia Maalim kwa nyuma akisema kwamba diski hizo mbili ndizo zilizotoka kwenye zile kompyuta za mkononi. Patisheni tulizokuwa tunaziangalia zilikuwa za maisha yao ya zamani, na zilikuwa zimefufuka.

Ushahidi ndani ya sekta za mwanzo

Ili kilichotokea kieleweke, ni lazima kuangalia sekta chache za mwanzo wa diski, kila moja ikiwa na baiti 512, zikihesabiwa kuanzia sifuri.

Diski iliyogawanywa kwa mtindo wa GPT huweka kichwa cha jedwali lake katika sekta ya 1, kikianza na herufi `EFI PART`, na jedwali lenyewe katika sekta ya 2 hadi ya 33. Kwa tahadhari, GPT huweka nakala ya pili ya jedwali na kichwa katika sekta 33 za mwisho kabisa wa diski. Safu ya mdadm, kwa upande wake, huweka katika kila diski supabloku, yaani lebo inayosema diski hii ni ya safu gani, ni ya ngapi katika mpangilio, na data inaanzia wapi. Katika toleo la 1.2 la lebo hiyo, ambalo ndilo la kawaida, supabloku hukaa baiti 4,096 kutoka mwanzo, yaani sekta ya 8. Mahali hapo ni katikati ya jedwali la GPT.

Fundi alipounda safu juu ya diski nzima zilizokuwa na GPT, mdadm iliandika lebo yake katika sekta ya 8 na hivyo kuliharibu jedwali la mwanzo. Nakala ya mwishoni haikuguswa. Hili si kubahatisha. Diski zile zina sekta 976,773,168. Data ya safu ilianza sekta ya 264,192, na vipande vya kilobaiti 512, yaani sekta 1,024 kila kimoja, vilipopangwa hadi mwisho, zilibaki sekta 48 zisizotosha kipande kingine. Nakala ya GPT inahitaji sekta 33. Ilikaa ndani ya makombo hayo kwa miezi saba, ikiwa nzima.

Kilichobaki ni mtu wa kuirejesha, na mtu huyo alikuwa ubao mkuu. Kabla kerneli yoyote haijapakiwa, programu ya UEFI iliyo ndani ya ubao hukagua diski zote. Iliposoma jedwali la mwanzo ilikuta namba ya uhakiki hailingani. Ilipokwenda mwishoni ilikuta nakala nzuri. Kwa nia njema kabisa ikainakili mwanzoni. Si kila ubao hufanya hivyo bila kuuliza, lakini baadhi hufanya, na huu ni mmojawapo. Katika sekta ya 8 jedwali la zamani halikuwa na chochote isipokuwa sifuri, na sifuri hizo ndizo zilizoifunika lebo ya safu. Diski mpya, ambayo haikuwahi kuwa na GPT, haikuwa na cha kurejeshwa, na ndiyo maana lebo yake ilisalimika.

Siku ya pili nilipofika, baada ya basi la Mokowe na mashua ya kuvukia, kazi ya kwanza ilikuwa kulithibitisha hili kwa macho:

`dd if=/dev/sdc bs=512 skip=8 count=1 | hexdump -C`

Kwa sdc, baiti nne za mwanzo zilikuwa `fc 4e 2b a9`, ambazo ndizo alama ya mdadm. Kwa sdb na sdd amri hiyo hiyo ilitoa sifuri tupu, na sekta ya 1 ya kila mojawapo ilisomeka `EFI PART`. Fundi alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba yeye alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuomba radhi kwa kosa la kusasisha kerneli. Nilimwambia aiweke, kosa lilikuwapo, ila si hilo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoiwasha seva upya tena na kuzifunga diski zote tatu zisiandikike, kwa `blockdev --setro`. Mara tatu zilizopita hazikuongeza madhara kwa kuwa ubao uliandika sekta zile zile, lakini hilo tulilijua baadaye.

Wa pili ulikuwa kunakili diski zote tatu, sekta kwa sekta, kwenye diski ya nje ya TB 4 niliyotoka nayo Malindi. Tulitumia ddrescue badala ya dd kwa sababu huweka faili la ramani linalokumbuka ilipofikia. Kila diski ilichukua zaidi kidogo ya saa moja. Katikati ya diski ya pili umeme ulikatika. Seva iliendelea kwa UPS lakini diski ya nje, iliyokuwa na adapta yake iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani, ilizimika. Umeme uliporudi, ddrescue iliendelea pale ilipokomea. Adapta ikahamishiwa kwenye UPS, ambako ilitakiwa kuwa tangu mwanzo.

Wa tatu ulikuwa kufanya majaribio yote juu ya tabaka. Kwa `dmsetup` inawezekana kuweka juu ya kila diski tabaka jembamba ambalo hupokea maandishi yote, huku diski yenyewe chini yake ikisomwa tu. Jaribio likiharibika, tabaka hufutwa na diski hubaki kama ilivyokuwa. Mtu anayefanya kazi hii bila tabaka anacheza kamari kwa mali ya wenyewe.

Baada ya hapo ndipo tulipoitumia amri ile ile ambayo Maalim aliizuia, safari hii juu ya matabaka, ikiwa na `--assume-clean`, na vipimo vyote tukiwa tumevisoma katika lebo ya sdc iliyosalimika: kiwango cha 5, diski tatu, kipande cha kilobaiti 512, mpangilio wa left-symmetric, toleo la 1.2, na mwanzo wa data kwenye sekta ya 264,192, ambao katika amri huandikwa `--data-offset=132096K`. Kipimo hiki cha mwisho husahauliwa sana. Matoleo tofauti ya mdadm huchagua mianzo tofauti, na safu iliyoundwa kwa mwanzo usio wake huonekana kama takataka hata diski zikiwa katika mpangilio sahihi.

Lebo ya sdc ilisema yeye ni nafasi ya 1, yaani wa katikati. Ilibaki kujua nani ni nafasi ya 0 na nani ni ya 2, swali ambalo lisingekuwapo kama kebo hazingeguswa. Kumbukumbu za mfumo za siku safu ilipoundwa zilikuwa zimekwisha kufutwa kwa kupitwa na wakati. Nilidhani nitapata jibu kwa njia rahisi: mfumo wa faili wa ext4 huweka alama `53 ef` mwanzoni mwake, na mwanzo huo uko kwenye diski ya nafasi ya 0. Tukaisoma alama hiyo kwenye diski zote mbili. Zote mbili zilikuwa nayo.

Hapo nilisita, kisha nikakumbuka hesabu. Katika mpangilio huu, mstari wa kwanza huweka data kwenye diski ya 0 na ya 1, na pariti kwenye ya 2. Pariti ni data ya diski ya 0 ikilinganishwa, biti kwa biti, na ya diski ya 1. Na pale ambapo diski ya 1 ina sifuri, pariti hutoka sawasawa na data ya diski ya 0. Diski ya katikati ilikuwa na sifuri mahali pale. Kwa hiyo diski ya pariti ilikuwa imevaa sura ya diski ya kwanza, na alama haikutuambia chochote.

Ikabidi kujaribu mipangilio yote miwili. Wa kwanza, uliofuata majina kama yalivyokuwa siku ile, ulitoa mfumo wa faili uliotambulika kwa lebo yake na ukubwa wake, jambo lililomfanya fundi ashangilie. Lakini kuupachika, yaani kuufungua ili faili zionekane, kulikataliwa kwa ujumbe kwamba jedwali la vikundi limeharibika. Mtu aliyechoka angefika hapa akaagiza `fsck -y`, programu ya kukagua na kutengeneza mfumo wa faili, na fsck ingetengeneza kwa bidii kitu ambacho hakikuharibika, hadi kiharibike kweli. Tulifuta matabaka, tukageuza mpangilio, tukaunda tena. Safari hii `fsck.ext4 -f -n`, ambayo huangalia yote bila kuandika, ilipita sehemu zake zote tano bila lalamiko. Tulipachika kwa kusoma tu, na saraka za kituo zikajitokeza, pamoja na rekodi za wiki kumi na moja zilizopita.

Matokeo

Kulikuwa na takriban GB 640 za data. Kwa faili ambazo kituo kilikuwa na orodha yake ya SHA-256 (namba za uhakiki za kila faili), yaani zote zilizotangulia nakala ya mwisho ya akiba, kila moja ililingana. Kwa zile mpya hapakuwa na orodha, kwa hiyo zilifunguliwa moja moja: rekodi zilisikilizwa mwanzo, katikati na mwisho, na picha zilitazamwa zote. Maalim aliifanya kazi ya kusikiliza mwenyewe, kwa siku mbili, na alisimama mara moja tu, kwenye rekodi ambayo sauti ilikatika. Alituonyesha katika daftari lake kwamba mzungumzaji alikuwa amepigiwa simu.

Diski za asili hazikutengenezwa pale pale. Faili zilinakiliwa kwanza kwenye ile diski ya nje, na zile za wiki kumi na moja zikanakiliwa tena kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa nakala za diski na faili zilizookolewa vyote vilikuwa ndani ya chombo kimoja chenye adapta moja. Kisha kila SSD ilifutwa GPT zake zote mbili kwa `sgdisk --zap-all`, ikaondolewa data yote kwa `blkdiscard`, ikapewa jedwali jipya lenye patisheni moja inayoanza sekta ya 2048 na kuacha sehemu ya kumi ya diski wazi mwishoni, na safu ikaundwa juu ya patisheni. Taarifa ya `mdadm --detail --scan` iliingizwa katika `mdadm.conf`, `update-initramfs -u` ikaendeshwa ili jina la md127 lisirudi, na mstari wa `/etc/fstab` ukaongezwa `nofail` ili siku nyingine seva iwake hata safu ikikosekana.

Seva iliwashwa upya mara tatu mfululizo kwa makusudi, kabla faili hata moja haijarudishwa. Mara zote tatu sekta ya 2056 ya kila diski, ambako supabloku sasa inakaa, ilianza na `fc 4e 2b a9`.

Uchambuzi

Kosa la msingi ni kutumia diski nzima zilizowahi kuwa na GPT bila kuzisafisha mwanzo na mwisho. Linux hairuhusu tu mtindo huo wa diski nzima, bali huonekana kuupenda kwa wepesi wake, na kwenye mashine nyingi hautaleta shida kamwe. Tatizo ni kwamba programu nyingine, iliyo chini ya Linux, haiujui. Ubao mkuu ukiona diski isiyo na jedwali la patisheni huiona tupu, na ukiona jedwali lililoharibika huliona linahitaji tiba. Patisheni moja inayochukua diski yote haipunguzi kasi. Ni bango tu linalowaambia wengine kwamba nyumba ina mwenyewe.

Jambo la pili ni umri wa kosa. Safu haikujaribiwa kwa kuwashwa upya siku ilipoundwa, ikiwa bado tupu, wakati ambapo kupotea kwake kungekuwa usumbufu wa dakika kumi. Miezi saba ya kuwaka bila kuzimwa ilionekana kuwa dalili ya afya. Kwa kweli ilikuwa miezi saba ya kuahirisha mtihani, huku karatasi ya maswali ikizidi kuwa nene.

Kuhusu utambuzi, mimi na fundi tulikosea kwa namna moja: kila mmoja alimshitaki adui aliyemzoea. Yeye alishika kerneli kwa sababu ndiyo iliyobadilika. Mimi nilishika chumvi kwa sababu nimewahi kuikamata mara nyingi. Makosa 37 ya mawasiliano yalikuwa ya kweli, na kebo ilistahili kubadilishwa siku moja, lakini makosa ya aina hiyo husababisha data itumwe tena au diski itolewe katika safu. Hayafuti supabloku na kuacha data nyingine yote ikiwa salama. Tungejiuliza ni kitu gani kinaweza kugusa sekta zile tu, kwenye diski mbili kwa wakati mmoja, tungefika mapema. Tuliwahi pia kufikiria kwamba SSD mbili zimekufa pamoja, na hilo si jambo la kucheka: mwaka 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS, aina ya diski za seva, zingeacha kufanya kazi zikifika saa 32,768 za kuwaka, na diski zilizoanza kazi pamoja zingesimama pamoja. Lakini diski zetu mbili zilikuwa za watengenezaji tofauti na zenye saa tofauti, na zote mbili zilisomeka bila hitilafu. Diski iliyokufa haikuonyeshi patisheni za zamani.

Kilichofaa zaidi ni utaratibu wa kutoandika chochote kisichoweza kurudishwa. Kwenye SSD utaratibu huo una uzito wa ziada. Katika diski za sahani zinazozunguka, kuunda mfumo wa faili kimakosa huacha data nyingi ya zamani mahali pake. Kwenye SSD, `mkfs.ext4` kwa kawaida hutuma kwanza amri ya kuiachia nafasi yote, na diski ikishaitii hakuna programu ya uokoaji itakayosoma kitu. RAID 5 ya Linux kwa kawaida haipitishi amri hiyo kwenda kwenye diski, na pengine ingetuokoa, lakini RAID 1 na RAID 10 huipitisha. Fundi hakuijua tofauti hiyo siku ile.

Ipo pia hoja ambayo ilitaka kunipotosha. Kabla ya kupata mpangilio sahihi niliendesha ukaguzi wa pariti wa safu nzima juu ya matabaka, na `mismatch_cnt`, hesabu ya tofauti zilizokutwa, ikatoka 0. Nilifurahi, nikaona mpangilio wa kwanza umethibitika. Haukuwa umethibitika. Ukaguzi huo hulinganisha vipande vitatu vya kila mstari, na matokeo yake hayabadiliki hata ukizipanga diski kinyumenyume. Ulichothibitisha ni kwamba diski zote tatu ni za wakati mmoja na hakuna iliyobaki nyuma, jambo zuri kulijua. Kuhusu mpangilio, shahidi pekee wa kuaminika alikuwa mfumo wa faili wenyewe.

Kuna kilichobaki bila kutatuliwa. Ubao mkuu ni ule ule, na utaendelea kurekebisha majedwali utakayoyaona yameharibika. Sasa hauna sababu. Nakala ya akiba ilipangiwa kila Ijumaa baada ya Alasiri, na wakati wa kuandika haya imekosekana mara mbili, zote kwa sababu diski ya nje ilikuwa imeazimwa. Namba za utambulisho za diski na nafasi zake zimeandikwa kwa wino kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kasha, na mara ya pili katika daftari la Maalim, chini ya tarehe ya rekodi ile ya simu.